William Whewell: Mwana wa Seremala Aliyeyaunda Majina ya Sayansi

Mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili hupitisha mihula yake yote akitumia maneno ya Kigiriki pasi na kujitambua. Fonolojia, mofolojia, sintaksia, semantiki, fonimu, mofimu: yote haya yana mizizi yake katika Kigiriki, nayo yalitufikia kwa kupitia Kiingereza, yakavishwa irabu za mwisho ili yakubaliane na ndimi zetu. (Neno isimu lenyewe tulilipokea kutoka kwa Waarabu, lakini hiyo ni hadithi nyingine.) Aghalabu tunapoyajadili maneno ya aina hii huwa tunabishana iwapo tuyatohoe au tuunde yetu wenyewe. Ni nadra sana kuuliza Waingereza nao waliyapata wapi, ilhali yalikuwa mageni kwao kama yalivyo kwetu. Imezoeleka kudhaniwa kuwa istilahi za sayansi ziliteremka moja kwa moja kutoka kwa akina Aristotle. La hasha. Nyingi ziliundwa karne ya 19, na watu tunaowajua kwa majina, baadhi yao wakiandikiana barua kuuliza kiambishi kipi kifuate mzizi upi. Mmojawapo wa watu hao, na yamkini aliyekuwa hodari kuliko wote, ni William Whewell. Jina lake, ambalo tahajia yake imewasumbua hata Waingereza, hutamkwa takriban Hyuel.

Whewell alizaliwa tarehe 24 Mei 1794 katika mji wa Lancaster, kaskazini mwa Uingereza. Babake, John Whewell, alikuwa seremala na mjenzi wa nyumba. Mamake, Elizabeth, alikuwa na kipaji cha utungaji na mashairi yake yalichapishwa katika gazeti la mjini. William alikuwa kifungua mimba, na kwa desturi ya wakati ule njia yake ilikuwa imekwisha kuchorwa: angeshika randa na msumeno kama babake. Aliyeigeuza njia hiyo ni mwalimu mkuu wa shule ya mji, Kasisi Joseph Rowley, aliyemsikia kijana huyu akizungumza, akang'amua kuwa hapa pana akili isiyo ya kawaida. Alimsihi seremala amruhusu mwanawe asome, naye hangedai karo. Baba alisitasita, kwa maana mikono ya kifungua mimba ni mtaji wa karakana, lakini hatimaye alikubali.

Katika shule hiyo ya Lancaster palikuwa pia na mtoto mdogo aliyeitwa Richard Owen. Huyu ndiye ambaye mnamo 1842 aliunganisha neno la Kigiriki deinos, lenye maana ya kutisha, na sauros, yaani mjusi, akaupa ulimwengu neno dinosaur. Shule moja ya mji mdogo, na waundaji wawili wa istilahi. Kilatini na Kigiriki ndivyo vilivyokuwa kiini cha mafunzo ya shule za namna hiyo, na mtoto aliyefaulu alitoka akiwa na maghala mawili ya mizizi na viambishi kichwani mwake.

Mnamo 1810 Whewell alihamia shule ya Heversham, kwa sababu ambayo mwanafunzi yeyote wa Kenya ataielewa bila maelezo: shule hiyo ilikuwa na ufadhili wa pauni 50 hivi kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kwenda Chuo cha Trinity, Cambridge. Aliupata. Alijiunga na Trinity mwaka 1812 akiwa katika daraja la wanafunzi maskini waliopunguziwa gharama. Mamake alikuwa amefariki mwaka 1807, na babake alifariki mwaka 1816, mwaka uleule ambao William alishika nafasi ya pili katika mtihani mkuu wa hisabati wa chuo kikuu kizima. Kabla ya hapo, mwaka 1814, alikuwa ameshinda nishani ya dhahabu kwa shairi la Kiingereza. Mwaka 1817 alichaguliwa kuwa mmoja wa wahadhiri wa kudumu wa Trinity, na kutoka hapo hakuondoka tena Cambridge hadi alipozikwa humo.

Orodha ya mambo aliyoyashughulikia inachosha hata kuisoma. Alifundisha hisabati na umakanika. Alikuwa profesa wa elimu ya madini kuanzia 1828 hadi 1832. Alitawazwa kuwa kasisi. Aliandika kuhusu usanifu wa makanisa ya Ujerumani. Alikuwa profesa wa falsafa ya maadili kuanzia 1838. Aliratibu upimaji wa maji kujaa na kupwa ambapo, kwa siku chache za Juni 1835, watu katika vituo zaidi ya 600 katika nchi tisa za pande zote mbili za Atlantiki walipima kina cha bahari kwa wakati mmoja. Kazi hiyo ilimpatia nishani ya kifalme mwaka 1837. Watani wake walisema kuwa udhaifu wake ulikuwa kutaka kujua kila kitu. Pengine walikuwa na haki. Vingi kati ya vitabu vyake havisomwi tena ila na wanahistoria wa sayansi. Maneno yake, kinyume na vitabu, hutamkwa kila siku na mamilioni ya watu wasiowahi kulisikia jina lake.

Tuanze na mwanajiolojia Charles Lyell. Kufikia 1831 Lyell alikuwa ameigawa miamba ya zama za karibuni, kwa hesabu za kijiolojia, kulingana na kiasi cha makombe ya viumbe ambao bado wanaishi. Miamba ya kale zaidi kati ya hiyo ilikuwa na makombe machache mno ya aina hizo. Ile ya baadaye ilikuwa na mengi. Alikuwa na vipindi, ila hakuwa na majina. Alimwendea Whewell, naye akachukua neno kainos, yaani -pya, akalitanguliza kwa maneno matatu: eos, lenye maana ya alfajiri, meion, lenye maana ya pungufu, na pleion, lenye maana ya zaidi. Hivyo zikapatikana Eocene, alfajiri ya upya. Miocene, upya uliopungua. Na Pliocene, upya uliozidi. Lyell aliyatumia katika juzuu ya tatu ya kitabu chake cha misingi ya jiolojia, kilichotoka 1833. Mkenya anayesoma kwamba fuvu la Proconsul lililopatikana katika kisiwa cha Rusinga mnamo 1948 ni la enzi ya Miosini anasoma neno lililobuniwa na mwana wa seremala wa Lancaster. Tazama pia jinsi muundo huu ulivyo na utaratibu: mzizi mmoja unabaki palepale, kiambishi awali kinabadilika, na mpangilio wa wakati unajieleza wenyewe. Anayeijua mizizi hahitaji kukariri majina matatu. Akilijua moja, mengine mawili anayakisia.

Kisa cha pili ndicho ninachokiona kuwa kiini cha maisha haya, nacho kinamhusu Michael Faraday. Faraday alizaliwa mwaka 1791, mwana wa mhunzi. Elimu yake ya shule ilikomea kusoma, kuandika na kuhesabu. Alifanya kazi kwa miaka saba akiwa mwanagenzi wa mjalidi wa vitabu jijini London, na elimu yake nyingine aliipata kwa kuvisoma vitabu alivyopewa kuvijalidi. Mwaka 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi katika Taasisi ya Kifalme, na baada ya miaka 20 hakukuwa na mtu Ulaya aliyemzidi katika majaribio ya umeme. Hakujua Kilatini wala Kigiriki.

Mapema katika miaka ya 1830 Faraday alikuwa akichunguza jinsi umeme unavyoitenganisha michanganyiko ya kemikali. Maneno aliyoyakuta yalimkera. Sehemu mbili ambazo umeme huingilia na kutokea ziliitwa ncha, kama ncha za sumaku, na jina hilo lilidokeza kwamba zinavuta vitu. Faraday hakuamini kuwa zinavuta chochote. Alilihofu neno linalobeba nadharia ya uongo ndani yake, kwa sababu kila anayelitamka anaimeza nadharia hiyo bila kuihoji. Alitaka majina yasiyoegemea upande wowote. Pamoja na rafiki mmoja mganga aliyejua Kigiriki alijaribu kuunda majina, akapata kadhaa ambayo hakuyaridhia. Hata alifikiria kuunganisha maneno ya Kiingereza ya mashariki na magharibi na kiambishi tamati cha Kigiriki. Hatimaye, mnamo Aprili 1834, aliandika barua kwa Whewell.

Kwa nini mashariki na magharibi? Faraday alikuwa ameshika taswira moja: kama usumaku wa dunia unatokana na mikondo ya umeme inayoizunguka, basi mikondo hiyo inapaswa kwenda kutoka mashariki hadi magharibi, sawa na safari ya jua. Ukikilaza chombo cha majaribio kufuata mkondo huo, umeme utaingilia upande wa maawio na kutokea upande wa machweo. Whewell alilichukua wazo hilohilo na kulivika Kigiriki safi. Hodos ni njia. Ana ni juu au kupanda. Kata ni chini au kushuka. Anode ni njia ya kupanda, panapochomoza jua. Cathode ni njia ya kushuka, linapotua. Kwa vile vitu vinavyosafiri ndani ya kimiminika kuelekea pande hizo alipendekeza ion, umbo la kitenzi cha kwenda, yaani kiendacho. Anion ni kile kipandacho, cation ni kile kishukacho. Faraday alisitasita, wakaandikiana tena, na kufikia Mei mwaka huo maneno yalikuwa yamekubaliwa.

Anayetaka kuona faida ya kujifunza msamiati wa Kiingereza kwa kupitia mizizi yake na alitazame neno hodos peke yake. Limo ndani ya method, njia ya kufuatia jambo. Limo ndani ya period, njia ya kuzunguka. Limo ndani ya Exodus, njia ya kutokea, kitabu ambacho wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walikiita Kutoka, wakaipatia maana yake sawasawa. Kata nalo limo katika catastrophe, kupinduka kuelekea chini. Ana limo katika analysis, kufungua na kufumua. Mzizi mmoja unapojulikana, maneno kumi yaliyokuwa kama mawe yaliyotawanyika yanakuwa ukoo mmoja. Mzungumzaji wa Kiswahili haoni ajabu hapa: anayejua -som- anawajua msomi, msomaji, somo, kisomo na masomo bila kufundishwa kila neno kivyake. Tofauti ni kwamba kwa Mwingereza wa kawaida ukoo huo ulikuwa wa ughaibuni, na ufunguo wa kuutambua uliuzwa shuleni kwa bei ambayo wana wa wahunzi hawakuimudu.

Maneno ya Whewell yalidumu kwa sababu ileile aliyoitaka Faraday. Nadharia kuhusu umeme zilibadilika, elektroni ikagunduliwa mwaka 1897, na anodi na kathodi hazikuhitaji kubatizwa upya. Zaidi ya hayo, ule mwisho wa ion ulianza kuzaa. Jina la elektroni lilipobuniwa mwaka 1891 lilifuata mwishilizo huo, kisha zikafuata protoni na neutroni. Umbo la sarufi ya Kigiriki lililotokea katika barua moja likageuka kiambishi tamati cha chembechembe. Nasi tukazitohoa zote, na ioni ni ioni Nairobi na Dar es Salaam.

Neno lake mashuhuri kuliko yote lilizaliwa kwa mabishano. Mnamo Juni 1833 Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi kilikutana Cambridge. Mshairi Samuel Taylor Coleridge, aliyekuwapo, alipinga vikali wanachama wanaovunja mawe na kuchezea betri kujiita wanafalsafa. Whewell alijibu kuwa kama neno hilo ni kubwa mno kwao, basi kwa mfano wa artist linaweza kuundwa scientist. Mwaka uliofuata alilichapisha, bila kutaja jina lake na kwa sauti ya nusu utani, katika mapitio ya kitabu cha Mary Somerville kuhusu uhusiano wa sayansi za maumbile. Alikiri kuwa halikuwapendeza wengi. Mnamo 1840, katika kitabu chake kikubwa cha falsafa ya sayansi, alilipendekeza tena, safari hii kwa dhati, pamoja na physicist. Faraday, ambaye alikuwa amepokea kwa furaha maneno mengine ya rafiki yake, hili la pili lilimshinda: alilalamika kuwa sauti ya i imerundikwa humo mara nyingi kiasi cha kumsumbua mdomoni na masikioni.

Kosa la scientist kwa macho ya wasomi ni kwamba ni mahuluti. Mzizi wake ni wa Kilatini, scientia, yaani ujuzi. Kiambishi chake cha mwisho ni cha Kigiriki. Wasafishaji wa lugha walilichukia kwa miaka mingi. Mnamo 1894, jarida moja la London lilipowauliza wanasayansi mashuhuri maoni yao, Thomas Huxley alilikataa katakata, na wapo waliodhani ni uchafu ulioletwa kutoka Marekani, wasijue kuwa lilitoka Cambridge, tena kwa msomi wa Kigiriki. Hata mwaka 1924 mjadala uliendelea katika jarida la Nature. Najiuliza wangesema nini kuhusu mwanasayansi, ambalo limeunganisha mwana wa Kibantu na scientia ya Kirumi iliyopitia kinywani mwa Mwingereza. Hatulioni ajabu. Ukali wote tumeuhifadhia runinga na tarakilishi.

Whewell mwenyewe hakuwa msafishaji mkaidi. Katika kitabu hicho cha 1840 aliweka kanuni kadhaa kuhusu lugha ya sayansi, na kwa maoni yangu wanafunzi wa leksikografia wangefaidika kuzisoma kabla ya kusoma nadharia za juzi. Alishauri kwamba neno la kawaida lililopo lichukuliwe kwanza na kupewa mipaka iliyo wazi. Kwamba Kigiriki kifaacho ni kile kinachounganika kwa urahisi. Kwamba mahuluti yaepukwe, ila yavumiliwe pale ambapo mlinganisho na maneno mengine unayabeba. Juu ya yote alishikilia kuwa istilahi nzuri hutangulizwa na dhana iliyokwisha kutatuka. Asiyejua anachokizungumzia hataokolewa na Kigiriki.

Na si kila alichokichonga kilisimama. Sayansi ya kujaa na kupwa alijaribu kuiita tidology, mahuluti mabaya kuliko scientist, nalo likafa. Sayansi zinazochunguza asili za mambo yaliyopita alizipa jina palaetiology. Sidhani kuna msomaji wa ukurasa huu aliyewahi kulihitaji. Consilience, kurukia pamoja, lenye maana ya ushahidi wa nyanja tofauti kukutana mahali pamoja, lililala kwa zaidi ya karne moja kabla ya kufufuliwa katika jina la kitabu cha mwanabiolojia Edward Wilson mwaka 1998. Kwa upande mwingine, astigmatism, kasoro ya jicho ambayo mwanafalaki George Airy alikuwa ameieleza katika jicho lake mwenyewe, ilipata jina kutoka kwake: a-, bila, stigma, nukta. Jicho lisiloweza kuikusanya miali katika nukta moja. Ni ufafanuzi mzima wa kitabibu katika neno moja.

Mnamo Oktoba 1841 alimwoa Cordelia Marshall, binti wa tajiri wa viwanda vya kitani mjini Leeds, na mwaka huohuo akateuliwa kuwa Mkuu wa Trinity. Mtoto aliyeingia kwa ufadhili wa pauni 50 sasa alikaa katika nyumba ya mkuu. Hapa ndipo maisha yake yananitatiza. Mtu angetarajia kuwa aliyepandishwa na ngazi ya Kilatini na Kigiriki angetafuta namna ya kuwapunguzia wengine ukali wake. Whewell alifanya kinyume. Katika maandishi yake kuhusu elimu ya chuo kikuu alitetea lugha hizo za kale pamoja na hisabati kuwa nguzo za kudumu, akaonya dhidi ya kuwajaza vijana sayansi mpya ambazo bado zinabadilika. Alikubali mitihani ya sayansi za maumbile na za maadili ilipoanzishwa Cambridge mwaka 1848, lakini serikali ilipounda tume ya kuvichunguza vyuo vikuu mwaka 1850 alipinga uingiliaji huo kwa ukali. Aliamini kwa moyo safi kuwa lugha hizo zinakomaza akili. Hata hivyo, barua za Faraday zilikuwa mezani pake, nazo zilithibitisha kuwa akili iliyokomaa kuliko zote katika nyanja hiyo ilikua bila lugha hizo, na kilichokosekana kilikuwa maneno tu. Mary Somerville naye, ambaye kitabu chake ndicho kilichompa Whewell nafasi ya kuchapisha scientist, alijifundisha Kilatini na Kigiriki nyumbani, kwa kuwa hakuna chuo kikuu cha Uingereza kilichompokea mwanamke. Kigiriki kiliendelea kuwa sharti la kuingilia masomo ya shahada Cambridge hadi 1919.

Charles Darwin alipochapisha kitabu chake cha asili ya spishi mwaka 1859 aliweka mwanzoni maneno ya Whewell kuhusu sheria za maumbile. Whewell hakukubaliana na kitabu. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya upweke. Cordelia alifariki mwaka 1855. Alioa tena mwaka 1858, na mke huyo wa pili akafariki mwaka 1865. Hakujaliwa mtoto. Katika wasia wake aliacha mali ya kuanzisha nafasi ya uprofesa wa sheria ya kimataifa, akikusudia mafunzo hayo yasaidie kupunguza vita baina ya mataifa. Nafasi hiyo bado ina jina lake. Mnamo Februari 1866 aliangushwa na farasi karibu na Cambridge, na tarehe 6 Machi akafariki akiwa na umri wa miaka 71. Alizikwa katika kanisa dogo la Trinity.

Faraday alimfuata mwezi wa Agosti 1867. Alikuwa ameitumia anodi, kathodi na ioni kwa zaidi ya miaka 30, lakini yeye mwenyewe alipendelea hadi mwisho kuitwa mwanafalsafa, jina lilelile alilolikataza Coleridge.